Hedhi Inapokoma, Nani Humfundisha Mama?

Msichana wa pwani anapovunja ungo hakosi mtu wa kumshika mkono. Hupelekwa kwa somo yake, naye somo humkalisha faraghani akamweleza damu ile ni nini, siku zake huhesabiwa vipi, josho lake huwaje, na ibada ipi husimama na ipi huendelea. Anapoolewa, somo huyo huyo hurudi na mafunzo mengine. Anapojifungua, mama, shangazi na mkunga humzunguka mpaka arubaini ipite. Lakini miaka thelathini na kitu baadaye, damu ile ile inapoanza kuaga, nyumba hunyamaza. Hakuna somo wa kukoma hedhi. Mama huachwa peke yake na mwili asioutambua.

Tazama usiku wa mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imeshika. Watu wote hutoka jasho mwezi huo, kwa hivyo mama hana hata wa kumlalamikia. Lakini jasho lake si la kaskazi. Huanza kifuani, likapanda shingoni na usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa, shuka likalowa, moyo ukaenda mbio. Kisha baada ya dakika chache baridi humwingia. Huamka kwa swala ya alfajiri akiwa hakulala. Mchana husahau funguo aliziweka wapi, humkaripia mjukuu kwa jambo dogo, kisha huingia chumbani akalia bila kujua analilia nini. Watu wa nyumbani husema mama amekuwa mkali siku hizi. Jirani hunong'ona kuwa huenda ni jicho, au pepo.

Makala haya ni kwa ajili ya mama huyo, na kwa ajili ya binti zake na mumewe. Tutaeleza mabadiliko haya ni nini, tiba ya homoni ni kitu gani, kwa nini imeogopwa sana, inamfaa nani na haimfai nani, na yapi yanaihusu ibada yetu.

Si laana wala si pepo

Ndani ya mwili wa mwanamke mna viungo viwili vidogo viitwavyo ovari, vinavyotunza mayai ya uzazi na kutoa homoni mbili kubwa: estrojeni na projesteroni. Umri ukisonga, mayai hupungua na homoni hizo hushuka. Aghalabu hedhi huanza kwanza kuvurugika: mwezi huu huja nyingi, mwezi ujao isije kabisa. Miezi 12 ikipita mfululizo bila damu, na hakuna sababu nyingine, madaktari husema hedhi imekoma. Kwa wanawake wengi hilo hutokea baina ya miaka 45 na 55. Likitokea kabla ya miaka 40, si jambo la kungojea. Mwanamke huyo amwone daktari, kwani mifupa na moyo wake vitakosa estrojeni mapema mno. Na aliyetolewa ovari zote mbili kwa upasuaji huingia katika hali hii kwa ghafla, pengine ndani ya siku chache.

Estrojeni haikuwa kazi yake uzazi peke yake. Ilisaidia ubongo kupima joto la mwili, ililinda mifupa, na ililainisha tupu na njia ya mkojo. Ndiyo maana ikipungua huja joto la ghafla, usingizi hukatika, mifupa hupoteza uzito, mkojo huenda ukawa wa mara kwa mara, na tendo la ndoa likawa la maumivu. Si wote hupata yote. Kuna wanaopita wakiwa salama kabisa, kuna wanaotaabika mwaka mmoja, na kuna wanaotaabika miaka mingi.

Qur'ani Tukufu imelitaja jambo hili waziwazi. Katika Suratut-Talaq, aya ya 4, Mwenyezi Mungu amewataja wanawake waliokata tamaa ya kupata hedhi, akawawekea eda ya talaka ya miezi mitatu. Aliyeumba mwanzo wa hedhi ndiye aliyeumba mwisho wake, na akauwekea hukumu. Ikiwa Mola wetu hakuona haya kuutaja, sisi tunaufichia nini?

Kutibiwa si kupingana na kadari

Wapo watakaosema: huu ni uzee, na uzee hauna dawa. Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaagiza watu wajitibu, akabainisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, isipokuwa uzee. Lakini tiba hii haidai kuuondoa uzee. Haimrudishii mwanamke ujana wala uzazi. Hutuliza adha, kama miwani inavyomsaidia mzee kusoma msahafu. Hakuna anayemwambia babu mwenye miwani kwamba anashindana na kadari.

Ni kweli pia kwamba zamani tiba hii iliuzwa kwa ahadi za uongo. Mwaka 1966 daktari mmoja wa Marekani, Robert Wilson, alitoa kitabu kilichowaahidi wanawake kubaki na ujana wao kwa kumeza estrojeni. Wengi walimwamini. Katika miaka ya 1970 ikabainika kwamba estrojeni ikitolewa peke yake kwa mwanamke mwenye kizazi, huuongeza utando wa ndani ya kizazi na kuongeza hatari ya saratani humo. Tangu hapo kanuni ikawa hii: mwenye kizazi hupewa estrojeni pamoja na dawa ya jamii ya projesteroni ya kumlinda, aliyetolewa kizazi aghalabu hupewa estrojeni pekee. Kanuni hii peke yake yatosha kumkataza mtu kuazima dawa ya jirani. Kinachomfaa yeye huenda kikakudhuru wewe.

Hofu ya mwaka 2002

Mama akiitaja tiba hii mbele ya watu, haraka atajibiwa: hiyo huleta saratani ya matiti. Neno hilo lilienea sana kutokana na utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative. Mwezi wa Julai 2002, sehemu ya utafiti huo iliyohusu wanawake 16,608 wenye vizazi, nusu wakimeza mchanganyiko wa homoni mbili na nusu wakimeza vidonge visivyo na dawa, ilisimamishwa kabla ya wakati. Magazeti ya dunia yakatangaza kuwa saratani ya matiti imeongezeka kwa asilimia 26. Wanawake wengi wakaitupa dawa, na madaktari wengi wakaacha kuiandika.

Asilimia 26 inatisha. Basi na tuihesabu kwa vichwa vya watu. Katika kila wanawake 10,000 waliomeza vidonge visivyo na dawa, 30 walipata saratani ya matiti kwa mwaka. Katika kila 10,000 waliomeza homoni, walipata 38. Nyongeza ni wanawake 8 katika 10,000. Kiharusi nacho kiliongezeka kwa wanawake 8, na damu kuganda mapafuni kwa 8. Upande wa pili, waliovunjika nyonga walipungua kwa 5, na waliopata saratani ya utumbo mpana walipungua kwa 6.

Hatusemi kuwa wanawake 8 ni wachache wa kudharauliwa. Kila mmoja wao ana watoto wanaomlilia. Tunasema ni lazima mtu ajue ukubwa wa hatari kabla ya kuamua. Tena wanawake wa utafiti ule walikuwa wa miaka 50 hadi 79, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Wengi wao hedhi ilikuwa imekoma zamani. Hawakuwa mfano mzuri wa mama wa miaka 50 anayelowesha shuka kila usiku. Katika sehemu nyingine ya utafiti huo huo, waliotolewa vizazi na kutumia estrojeni pekee hawakuonekana kuzidi kwa saratani ya matiti, ingawa kiharusi kilizidi.

Leo vyama vya madaktari bingwa wa mambo haya vinaelekea upande mmoja: kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi yake haijapita miaka kumi tangu kukoma, mwenye dalili za kumtaabisha na asiye na kizuizi cha kiafya, faida ya tiba hii kwa kawaida huzidi madhara yake. Anayeianza akiwa amekwisha kuzeeka zaidi, mizani hugeuka.

Inamfaa nani, haimfai nani

Tiba ya homoni ndiyo dawa yenye nguvu zaidi kwa joto la ghafla na jasho la usiku, na hulinda mifupa muda wote inapotumiwa. Lakini kuna wasiopaswa kuigusa ila kwa idhini ya daktari bingwa: aliyewahi kuugua saratani ya matiti au ya kizazi, aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, mwenye ugonjwa mkali wa ini, na mwenye kutokwa na damu ambayo sababu yake haijajulikana. Mwenye presha ya juu aishushe kwanza.

Dawa zenyewe huja kwa sura nyingi. Kuna vidonge vya kumeza. Kuna vibandiko vya kubandika chini ya kitovu au makalioni, na jeli ya kupaka. Hizi hupitia kwenye ngozi, na hatari yake ya kugandisha damu ni ndogo kuliko ya vidonge. Kuna pia krimu na vidonge vidogo vya kuweka ukeni, kwa mwenye tatizo la ukavu, maumivu au mkojo pekee. Kipimo chake ni kidogo sana na huingia kidogo mno katika damu.

Asiyeweza kutumia homoni hakufungiwa mlango. Zipo dawa nyingine zisizo za homoni ambazo daktari aweza kuziandika kupunguza joto. Nyumbani pia kuna la kufanya: nguo za pamba, chumba chenye hewa, kupunguza chai kali na pilipili kwa anayeona zinamwashia joto, kutembea kila siku, na kula vya kuimarisha mifupa kama maziwa, mtindi, ufuta na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Habasoda na asali hatumkatazi mtu, lakini visichukue nafasi ya uchunguzi. Na vidonge vya kupanga uzazi si tiba hii. Tusivinunue dukani tukavimeza kwa kubahatisha. Kadhalika tiba ya homoni haizuii mimba kwa mwanamke ambaye hedhi yake haijakoma kabisa.

Damu ikirudi baada ya kukoma

Dada yangu, hapa ndipo tunapokuomba usome mara mbili.

Mama aliyekaa mwaka mzima au zaidi bila hedhi, kisha akaona damu, hata tone, mara nyingi hufikiri jambo moja: je, niswali au nisiswali? Swali hilo ni sahihi, na lina wajuzi wake. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, damu ya hedhi haipungui mchana na usiku mmoja, wala haizidi siku kumi na tano. Sheikh au ustadhati akielezwa muda na sifa za damu atatoa hukumu. Lakini kuna swali la pili lisilongoja: damu hii imetoka wapi? Mara nyingi sababu huwa nyepesi. Hata hivyo, saratani ya kizazi na ya mlango wa kizazi hujitangaza kwa damu kama hiyo, na ikishikwa mapema hutibika vizuri zaidi. Kuna mama anayefurahi kwamba ujana umerudi, na kuna anayeona haya kuvuliwa na kupimwa. Wote wawili hupoteza miezi ambayo hawatairudisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa anayetumia tiba ya homoni, maelezo huongezeka kidogo. Kuna mpangilio wa dawa unaoleta damu kila mwezi kwa makusudi, na kuna mpangilio usiokusudiwa kuleta damu, lakini huenda ukaleta matone katika miezi ya mwanzo. Daktari akuambie mapema wako ni upi. Damu ikiendelea kupita miezi sita, ikiwa nyingi, au ikianza upya baada ya kutulia, rudi ukapimwe. Na mwenye kuingia katika eda ya talaka naye anatumia dawa hizi, asihesabu mwenyewe kwa kubuni. Aende kwa Kadhi, amweleze kila kitu, pamoja na dawa.

Swala, saumu na asili ya dawa

Vidonge vya kumeza vyaweza kuwekwa wakati wa futari au daku, kwa kushauriana na daktari. Kibandiko na jeli hupitia ngozini, na mafakihi hawahesabu kinachonyonywa na vinyweleo kuwa chenye kufunguza. Dawa ya ukeni ni tofauti: katika madhehebu yetu, kinachoingizwa katika tundu la mwili mchana hubatilisha saumu. Kwa bahati njema, dawa hiyo kwa kawaida huwekwa usiku wakati wa kulala, kwa hivyo taabu haipo.

Kibandiko hakifiki kwenye viungo vya udhu. Suala lake ni josho la wajibu, kwa kuwa maji yatakiwa yafike mwili mzima. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, au amwombe daktari jeli. Jeli nayo hupakwa baada ya kuoga, ikaachwa ikauke, isioshwe kabla ya muda ulioandikwa katika karatasi yake. Na mjukuu asikumbatiwe penye jeli mbichi.

Kuhusu asili ya dawa, mwanamke Muislamu ana haki ya kuuliza. Mojawapo ya dawa kongwe, Premarin, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1942, hutolewa katika mkojo wa farasi wenye mimba, na jina lake lenyewe limeundwa kutokana na maneno hayo ya Kiingereza. Lakini estrojeni nyingi za leo hutengenezwa viwandani kutokana na mimea kama soya na viazi vya jamii ya viazi vikuu. Katika miaka ya 1940 mkemia Russell Marker alitengeneza projesteroni kutokana na viazi vya mwituni vya Mexico. Tahadhari: kula viazi vikuu au kupaka unga wake hakutoi homoni mwilini, badiliko hilo hufanyika maabara tu. Baadhi ya dawa huwa ndani ya ganda la jelatini, ambayo yaweza kutoka kwa ng'ombe au nguruwe. Mwambie mfamasia akusomee, na umuulize kama lipo badala yake kabla ya kuiacha dawa.

Neno kwa waume

Baba mwenye nyumba, mkeo akigeuka upande wa pili usiku, usikimbilie kudhani amekuchoka. Huenda anaumia na anaona haya kukwambia. Ndoa nyingi zimetiwa ufa na jambo ambalo krimu ndogo ingelitatua. Fungua feni bila kuguna. Mpeleke hospitali kama ulivyompeleka akiwa na mimba ya watoto wako, na ukae naye kwenye benchi. Kuishi kwa wema alikoamrisha Mwenyezi Mungu hakukuwekewa ukomo wa umri.

Tuwe masomo

Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Ummu Sulaym (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) mwenyewe jambo ambalo wengi wetu hatungethubutu kumuuliza hata dada. Haya ni sehemu ya imani, lakini haya inayomficha mgonjwa asitibiwe si ile tuliyofundishwa.

Basi mama, andika katika karatasi: umri wako, siku ya hedhi ya mwisho, yanayokusumbua, maradhi uliyowahi kuugua, na waliougua saratani au kuganda damu katika ukoo. Ukihitaji daktari mwanamke, omba. Ni haki yako. Muulize: je, tiba hii inanifaa? Ni ya aina gani, kwa kipimo gani, na nirudi lini? Pima presha na uchunguzwe matiti. Kisha urejee kila mwaka, maana uamuzi wa leo si wa milele.

Na wewe uliyekwisha kuvuka mto huu, usikae kimya. Mdogo wako anavuka sasa, akidhani yuko peke yake. Mkalishe faraghani kama somo yako alivyokukalisha wewe siku ile, umweleze.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape shifa mama zetu, awahifadhi katika umri wao, na atujaalie tuwafanyie wema kama walivyotulea tukiwa wadogo. Amin.